Teremka Kidogo

Shangazi Mwamini,

Amahoro, amani iwe kwako. Dagaa, ndagala zetu, zimejaa sokoni wiki hii. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu.

Mama analia kila siku: "Yule mwalimu wa urubani ndiye aliniulia mutoto!" Si yeye. Siku kaka Djibril aliporusha kindege peke yake, nilimpigia simu kutoka ufukweni: "Teremka kidogo, nione uso wako!" Akacheka: "Haya, mudogo wangu." Ziwa lilikuwa limetulia kama kioo, hakuona maji yanaanzia wapi. Bawa likagusa maji, kindege kikazama naye.

Kila mchana nasikia injini juu ya Rumonge. Nikitoka nje, hakuna kitu.

Hatua za mama zinakaribia mlango. Nilikuwa nimeifunika karatasi hii kwa daftari. Sasa daftari nimelitoa, aingie asome.

Wako,
Zuwena