Rimu Zako Bado Ziko Kwenye Gari

Kaka Magesa,

Gari lako limerudi barabarani. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanatoka hapo, na kwa sababu hukupendaga mtu azunguke. Mdogo wetu Wambura ndiye analiendesha. Bampa imenyooshwa, taa ya kushoto imewekwa nyingine, bodi imepigwa bluu inayokaribia ile ya zamani. Rimu ni zilezile. Ile iliyopasuka ilitafutiwa pacha wake Mwanza, ikaja kwa basi, ikafungwa. Siku za kazi anabeba samaki kupeleka Bunda, kama wewe. Jumamosi, hadi majuzi, alikuwa anawapakia Neema na Daudi pale kwako Nyakato, anawapeleka Butiama kwa Mama. Jumapili jioni alikuwa anashuka na wanao mteremko uleule.

Walio hai nimeshawaambia. Ndiyo maana sasa namwandikia mtu asiyesoma tena.

Kila mtu ana lake kuhusu kifo chako. Polisi waliandika mwendo kasi, na redioni kwetu ikasomwa hivyo hivyo, mimi nikiwa nimekaa meza ya pili. Mkeo Bhoke anasema ni husuda ya wenzako wa samaki. Baba mdogo anasema gari lilikuwa na mkosi tangu siku uliyolinunua kwa mtu aliyefiwa. Nimeandika habari za ajali miaka mingi, na nimezoea kwenda kuangalia kitu chenyewe kabla ya kumsikiliza mtu. Nikaenda kituoni, nikaomba kuliona gari. Askari aliyekuwa zamu akaniuliza kama natafuta viatu vyako. Watu wengi hurudi kutafuta viatu.

Nikapiga magoti nyuma ya gurudumu la mbele kushoto. Mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulikuwa na tundu upande mmoja. Mpira unaokatwa na ajali huchanika ovyo. Huu ulikuwa umesuguliwa taratibu mpaka ukang'aa, ukawa mwembamba, ndipo ukatoboka. Tairi nalo, kwa ndani, lilikuwa na mstari wa kusugua mpira huohuo. Tairi pana, lililokuja na rimu pana. Kila ulipokata kona hadi mwisho wa usukani, tairi lililamba mpira. Hakuna mtu aliyekutumia kitu, kaka. Ulikinunua mwenyewe ukakifunga mwenyewe.

Nikafungua boneti. Kopo la mafuta ya breki lilikuwa kavu. Waya wa floti, ile inayowasha taa nyekundu mafuta yakipungua, ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imefungwa tepu nyeusi. Mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa kidogo. Mtu pekee ninayemjua anayekunja mwisho wa tepu, ili siku ya kuifungua asihangaike kwa kucha, ni wewe. Tangu tukiwa watoto ulikuwa unakunja hivyo hata kwenye madaftari ya shule.

Nikafunga boneti. Nikamshukuru askari.

Nakumbuka taa yenyewe ikiwa hai. Tulikuwa tunakwenda Bunda, samaki nyuma, mimi nikiwa na kazi yangu ya mahakamani huko. Kila tulipopinda, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi ikazima. Nikakuuliza ile ni nini. Ukasema, "Floti imechoka, mama. Inalewa ikiona kona." Tukacheka wote. Ukasema utaipima tukifika. Tulipofika wanunuzi walikuwa wanasubiri, samaki hawangojei, ukasahau. Au hukusahau. Safari iliyofuata taa haikuwaka, nikadhani umetengeneza.

Na wewe ndiye watu walikuita Daktari. Hilo ndilo linanichoma zaidi. Kwenye lile kundi la simu la wenye magari wa Musoma na Bunda, mtu akiandika "Wakuu, gari linachemka nikipanda mlima," watano wangemjibu atoe thamostati atupe, na wewe ungekuja mwisho, na mfuniko wa rejeta, na feni, na mkanda, kitu kimoja kimoja, ukianza na kile kisichohitaji spana. Mwalimu mmoja wa Buhare aliulizaga kuhusu taa ya breki inayowaka kwenye kona. Jibu lako bado liko kwenye simu yangu. "Taa ya breki haizoewi. Pima mafuta, kisha tafuta yanakokwenda." Sijui kama ulipoandika hayo ulikuwa umeshachomoa waya wako. Sitaki kujua, ingawa kazi yangu ni kutaka kujua.

Siku uliyokufa kundi lilijaa mishumaa na mikono iliyoungana. Kabla ya jua kuzama mtu akauliza honi gani ya lori inaingia kwenye gari dogo bila kuunguza waya. Akajibiwa. Siwalaumu. Wiki iliyofuata mwingine gari lilimchemkia, wakamwambia atoe thamostati, na safari hii hakuna aliyekuja mwisho.

Rimu hizo uliziona kwenye gari la mtu mmoja Mwanza, ukarudi huna raha. Gari lako lilikuwa la kazi, linanuka dagaa hata likioshwa kwa sabuni ya unga, na jamaa zako pale sokoni waliliita friji. Uliweka taa za kuongeza mbele, wakaendelea kuliita friji. Uliweka vitambaa vya viti vyenye maandishi, ikawa friji ya Bwana Harusi. Rimu zilipofika wakanyamaza. Bhoke aliniambia ulitoka usiku kuzimulika kwa tochi. Ulinipigia simu, "Njoo uone, sasa limesimama kama gari la mtu." Nikaja nikaona. Lilikuwa limesimama, kweli. Nilikusifu.

Mama wa mihogo, yule anayekaa chini ya mteremko, ndiye shahidi pekee niliyempata. Anasema hukuwa unakimbia pale juu. Anasema ulianza kukimbia ukiwa unateremka, ukipiga honi bila kuachia, mkono wako mmoja nje ya dirisha ukiwapungia watu watoke. "Alikuwa anatufukuza kama kuku," akasema. Watu wakatoka njiani. Wewe ukaenda kwenye kalavati. Askari hawakumuuliza mama huyo lolote. Nilipouliza kwa nini, niliambiwa mihogo haina kiapo.

Sasa nikueleze kilichofanyika siku ya kuondoa matanga.

Wazee walikaa. Wakagawa vitu vyako. Gari likamwangukia Wambura, ndiye mdogo wako wa kiume, hilo sikulipinga. Baba mdogo akasema gari lina damu, haliwezi kupandwa kabla ya kusafishwa. Mchungaji akaliombea kwanza, akaondoka mapema kwa busara. Kisha wakachinja mbuzi. Wakachukua taka za utumbo, wakapaka usukani, wakapaka milango, wakazunguka wakapaka magurudumu yote, mzee mmoja akiwa amechuchumaa kabisa mbele ya lile la kushoto, akiipaka rimu kwa mkono wake polepole. Uso wake ulikuwa karibu na ule mpira kama uso wangu na karatasi hii. Hakuangalia nyuma ya rimu. Hakuwa na sababu ya kuangalia.

Nikasema. Nilisema kwa heshima, nikiwa nimesimama kwa wanawake. Nikasema mkosi mnaoutafuta uko nyuma ya hiyo tairi, nimeuona kwa macho, rimu hizi zitolewe zirudishwe zile za chuma. Baba mdogo akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. "Binti yangu, wewe umeshaolewa Buhare. Mali ya hapa ina wenyewe." Mwingine akasema redio imenizoesha kusema peke yangu. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu ulikuwa mzaha mzuri, nikakaa.

Wambura nilimfuata baadaye, alipokuwa anaosha gari. Alinisikiliza, hilo sitamnyima. Aliinama hata akaangalia. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi, pamoja na kuuliza maswali maisha yangu yote, sikuwa nimeliwaza. "Dada, nikizitoa hizi, kesho wataniuliza ziko wapi. Watasema nimeanza kuuza vya marehemu hata kaburi halijakauka. Rimu ndo zilikuwaga sura yake." Nikamwambia aziweke ndani kwa Mama, kila mtu azione. Akasema rimu za marehemu zikikaa ndani na gari linatembea bila hizo, watasema zaidi. Kitu cha marehemu hukipunguzi wala hukiongezi mpaka wazee waseme. Akaongeza, akijaribu kunichekesha, "Unataka niendeshe gari la Magesa likiwa pekupeku?"

Ndiyo maana alikwenda mpaka Mwanza kutafuta pacha wa ile iliyopasuka. Alikuwa analitimiza. Kwa upendo kabisa, Magesa. Amekurudishia kila kitu kama kilivyokuwa, na waya wa floti nao hakuugusa, kwa sababu aliukuta umefungwa na wewe, na wewe ulikuwa Daktari.

Akabaki Bhoke. Mjane akisema mbele ya wazee kwamba hazitaki rimu zile, Wambura anakuwa huru. Nikaenda Nyakato. Nikamweleza wifi yangu yote, mpira, tairi, tepu. Alikuwa anachambua dagaa. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo unataka Daudi akue akijua baba yake alikufa kwa urembo." Nikasema nataka Daudi akue. Akatenga dagaa mmoja aliyeoza, akamtupa pembeni. Kisha akasema watu wakisema mumewe alilogwa, wanampa pole. Wakisema alichomoa waya mwenyewe, watamcheka, nao watoto watachekwa shuleni. "Niachie uchawi wangu, wifi. Haukudhuru."

Wambura alikuwa amefika na gari, amekuja kuwachukua watoto. Nikamwomba akate usukani hadi mwisho, asizime. Nikamshika Bhoke mkono, mkono wenye magamba, nikauingiza nyuma ya gurudumu, nikaweka vidole vyake kwenye mpira mpya. Mpira uliofungwa juzi. Tayari kulikuwa na sehemu laini, kama sabuni iliyotumika. Akaipitishia kidole, akarudi, akaipitishia tena. Hakulia. Akasimama akanawa mikono, akawaambia watoto hawasafiri. Wambura akauliza kuna nini. Akamwambia Neema ana homa. Neema alikuwa anaruka kamba.

Tangu siku hiyo watoto hawapandi. Bhoke anawapeleka Butiama kwa basi, akiulizwa anasema gari linawatapisha. Kwa wazee hajasema neno na hatasema. Kwa hiyo wanao wako salama, na Wambura bado anateremka peke yake, au na mama wa watu aliyeomba lifti, au na wanafunzi wa jirani. Nilimwambia basi, kama rimu haziguswi, angalau pima mafuta kila asubuhi. Anapima. Juzi aliniambia, kwa fahari, kwamba hayajapungua. Lakini mpira uliolambwa unaweza kutoboka katikati ya safari, na yako hakuna anayejua yalikauka siku gani.

Nimekukasirikia. Sitakuficha. Nimekaa kwenye kaburi lako nikiwa nimekasirika kuliko nilivyokuwa na huzuni, na watu wakanipisha wakidhani ni huzuni. Ulikuwa na akili ya kutosha kuwaokoa watu usiowajua kwa simu, mtu wa Bunda, mtu wa Tarime, na gari lako mwenyewe ukalinyamazisha lilipojaribu kukuambia. Kwa sababu ya kina nani? Wauza samaki waliokuita mwenye friji. Hao hao ndio walibeba jeneza, na walilia kweli.

Jumapili hii wazee wanakaa tena Butiama kwa habari ya shamba. Nimeshamwambia mume wangu, amesema nitafukuzwa. Nitakwenda na ule mpira wako wa zamani. Fundi alinipa alipofunga mpya, hakuuona kuwa kitu. Sitasimama kwa wanawake safari hii. Nitauweka mbele ya Baba mdogo, niwaambie Magesa alinunua rimu zisizoingia, zikala mpira, taa ikamwambia, akaizima kwa mkono wake. Nitalisema jina lako na mkono wako. Bhoke hatanisalimia tena, najua, na Daudi atasikia. Wacheke. Wakishacheka watalazimika kumwambia Wambura azitoe, maana hakuna mzee atakayekubali kuonekana amemwacha kijana akiendesha kitu kilichochekwa.

Pumzika, kaka. Ningekuwa na njia nyingine ya kumweka Wambura hai ningekuachia jina lako lilivyo. Sina.

Dada yako.