Puto la Pili Ambalo Sikulirusha

Nyumba za Watumishi, Na. 4,
Kituo cha Hali ya Hewa.
Tarehe 21 Februari.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wote tuliobaki huku nyumbani. U hali gani huko? Shemeji hajambo? Wale mapacha wenu wamepona kikohozi? Na goti lako, lile linalokusumbua kwa kupanda ngazi za maghorofa ambayo lifti zake zimekufa, umelipeleka kwa daktari, au bado unalidanganya kwa mafuta ya kuchua? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala kidogo, naenda kazini. Yaliyobaki nitakueleza humu humu, maana ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Barua yako niliipata Jumanne. Nimeisoma mara nne, mara ya mwisho nikiwa nimesimama jikoni na koti bado mwilini. Unasema wewe ndiye uliyemnyima Mama haki ya kukuona. Unasema kama ungeiacha ile lifti uliyokuwa ukiitengeneza bila kuimaliza na kupanda ndege siku moja kabla, ungemkuta hai. Unasema hutakuja tena nyumbani kwa kuwa huna uso wa kusimama mbele ya kaburi lake. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, unauliza upepo unawezaje kuchelewesha dege kubwa namna ile kwa saa tano nzima. Shirika la ndege limekuandikia kuomba radhi na kutaja "upepo mkali wa mbele", nawe huelewi. Kwa kuwa mdogo wako ndiye mwenye kazi ya upepo, unataka nikufafanulie.

Nitakufafanulia. Nakuomba tu usome mpaka mwisho, usiitupe barua katikati.

Nianze na habari za hapa. Tangu tumzike Mama, mvua haijakatika. Wiki ya tatu sasa. Udongo wa kaburi umetitia upande wa miguuni, nimekwenda mara mbili na toroli ya mawe kuujazia, na kila nikienda naukuta umeshuka tena. Nguo hazikauki. Chumba cha Mama kimeanza kuota ukungu kwenye kona ya juu ya kabati, nami sina nguvu ya kuusugua. Mama Mdogo anasema mbingu nazo zinaomboleza. Ninamwitikia tu, maana ninajua sababu, na haina uhusiano wowote na kuomboleza.

Sababu ya mvua hii ndiyo hiyo hiyo iliyokuchelewesha. Huko juu, kilomita kama kumi kutoka tulipo, kuna upepo unaokimbia kama mto. Kazini tunauita mkondo, basi. Una urefu wa maelfu ya kilomita na upana wa mamia, lakini unene wake ni kilomita chache tu, kwa hiyo ndege inaweza kuwa ndani yake au nje yake kwa kupanda au kushuka kidogo. Siku ya kawaida unakwenda kasi kuliko gari lolote uliloendesha. Msimu wa baridi ukipamba moto, unaweza kupita kilomita mia tatu kwa saa.

Unazaliwa hivi. Hewa baridi inatoka upande wa ncha ya dunia, hewa ya joto inatoka upande wa ikweta, na zikikutana hazielewani haraka. Kadiri zinavyozidiana kwa joto, ndivyo upepo wa juu unavyopata nguvu. Ungedhani utavuma moja kwa moja kutoka kwenye joto kwenda kwenye baridi, lakini dunia nayo inazunguka, na mzunguko huo unaupinda mpaka unaelekea mashariki. Kwa hiyo anayesafiri kwenda mashariki anabebwa, na anayekwenda magharibi anapigana nao, au rubani atafute njia ya kuukwepa. Wewe unakaa mashariki yetu, kaka. Kila unapokuja nyumbani unakuja dhidi yake.

Sasa, mkondo hautulii mahali pamoja. Unapinda kama nyoka, leo uko kaskazini yetu, kesho uko juu ya bati letu. Unapokwenda ndipo na mawingu ya mvua yanapokwenda, kwa sababu ndio unaoyavuta. Ukipiga kona na kukwama, basi walio upande mmoja wa kona wanapata mvua mpaka waichukie, na walio upande wa pili wanaangalia mbingu kavu. Sisi tumekwama upande wa mvua. Na pembezoni mwake kuna michafuko ya hewa isiyo na wingu hata moja, ndiyo ile iliyokumwagia chai kifuani ukadhani rubani amelewa.

Ndege haibebi mafuta ya kwenda popote inapotaka. Wanaopanga safari wanaangalia upepo uliotabiriwa njiani, wanachagua njia na kimo, wanapiga hesabu ya mafuta na kuongeza ya akiba. Upepo ukiwa mkali kuliko ulivyotabiriwa, ndege inachoma zaidi, akiba inaliwa, na rubani mwenye akili timamu anashuka njiani kuongeza. Ndivyo ilivyokuwa kwenu. Mlishuka kwenye uwanja ambao haukuwa wenu, mkakuta ndege nyingine tatu zimeshuka kwa shida hiyo hiyo, mkapanga foleni ya mafuta. Mlitakiwa kufika saa nne asubuhi. Mkafika saa tisa alasiri. Mama alikata roho saa saba na dakika ishirini.

Hayo ungeweza kuelezwa na mtu yeyote wa fani yangu. Linalofuata ni mimi peke yangu ninayeweza kukueleza.

Unajua kazi yangu, ile ambayo Mama alikuwa akiwatangazia majirani: "Binti yangu amesoma miaka yote ile, sasa serikali inamlipa kupoteza maputo." Mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, tunajaza puto gesi, tunalifunga kamba yenye kijisanduku cha vipimo, tunaliachia. Linapanda kwa karibu saa mbili huku kijisanduku kikitutumia joto, unyevu na upepo wa kila kimo, mpaka linapasuka. Tarakimu hizo tunazituma, zinaungana na za vituo vingine mamia, na humo ndimo utabiri wa upepo wa ndege unamotoka. Kati yetu na kituo kingine kilicho upande wa magharibi pana eneo kubwa lisilo na mtu wa kurusha kitu, kwa hiyo upepo ukitoka huko sisi ndio wa kwanza kuupima.

Jioni ya kuamkia safari yako nilikuwa zamu peke yangu. Puto nililiachia kwa wakati wake. Lilipofika kilomita sita na nusu, likapasuka. Hutokea, hasa mpira ukiwa umekaa sana ghalani. Kanuni yetu ni moja na haina mjadala. Puto likipasuka chini ya kimo kilichowekwa, unaandaa la pili na kulirusha kabla saa haijaisha. Kulijaza ni nusu saa, kulifuatilia ni saa mbili.

Wakati huo huo Mama Mdogo akanipigia simu. Akaniambia, "Njoo mwanangu. Anakuulizia, na pumzi yake siipendi."

Nilikuwa nimeshashika puto la pili, kaka. Nilikuwa nimelitoa kwenye boksi, ule unga wa mpira wake uko mikononi. Nikalirudisha. Nikakaa kwenye kompyuta, nikachukua tarakimu za asubuhi, kuanzia kilomita sita na nusu kwenda juu, nikazipachika pale jioni ilipokosekana. Niliziongeza na kuzipunguza kidogo kidogo zisionekane mapacha. Miaka kumi na moja ya kazi sijawahi kufanya hivyo, na siku niliyofanya, mkono wangu ulifanya kama umezoea. Nikatuma, nikazima taa, nikakimbia kwa Mama.

Asubuhi ile mkondo ulikuwa mbali kaskazini. Tarakimu zangu zilisema huku juu yetu pametulia. Lakini mchana kutwa ulikuwa umeshuka kuja kusini, na jioni ile, wakati ninapachika uongo wangu, ulikuwa umekaa juu yetu na juu ya njia yako yote ya mwisho. Niliujua ukweli asubuhi iliyofuata, mwenzangu wa zamu aliporusha lake likafika. Aliniambia kwenye simu kwa mshangao, "Dada, huko juu kuna kishindo! Jana hukukiona?" Nilikuwa nimesimama kwenye korido nje ya chumba cha Mama. Nilimjibu kwamba sikukiona.

Nimemwambia mkuu wa kituo. Nilimwandikia na kumpelekea mwenyewe. Alisoma, akavua miwani, akasema, "Puto moja kati ya mamia, dada yangu. Ndege zenyewe nazo zinapima upepo na kutuma. Usijibebeshe." Kisha akasema atalipeleka juu kama taratibu zinavyotaka, na tangu Jumatatu sipangiwi zamu peke yangu. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Lakini ile "kati ya mamia" hainiingii. Nani ajuaye? Huenda hata kama ningerusha la pili utabiri ungekosea vile vile. Huenda wangeongeza mafuta mkaja moja kwa moja, ukamkuta anakuangalia. Nimekaa na hesabu hii usiku na mchana na haina jibu, na haitakuwa nalo mpaka naingia kaburini. Hilo ndilo linalonimaliza. Laiti ningekuwa na hakika ya kosa langu, ningelibeba tukajuana mimi nalo.

Kwa hiyo usiniandikie tena habari za lifti. Ungekuwa umeondoka siku moja kabla ungefika, ni kweli, lakini hukufanya kosa lolote kuikamilisha kazi ya watu. Ulipanda ndege ambayo ingekufikisha saa nne. Nilikaa msibani nikakusikia ukiwaambia wajomba, mmoja baada ya mwingine, "Ni mimi, nilichelewa mimi," nikanyamaza. Nilikupikia uji ukaukataa, nikanyamaza. Nilikusindikiza mpaka uwanjani na mdomo wangu nimeushona. Na ulipofika kwako ukanitumia ujumbe kwamba ndege imewahi kwa saa nzima na dakika arobaini. Upepo ule ule, kaka. Wakati wa kukutoa kwetu ulikubeba vizuri.

Siombi unisamehe, sijafika huko. Ninachotaka ni uvue mzigo usio wako. Njoo nyumbani usimame mbele ya kaburi, uso unao. Kama hutaki kunikuta, niambie tarehe, nitahamia kwa Mama Mdogo siku hizo. Ufunguo utakuwa palepale chini ya ndoo.

Mama Mdogo anakusalimu sana, na anauliza kama ile fulana aliyoifuma inakutosha mikono. Hajui lolote kati ya haya. Nitamwambia baada ya wewe kujua, ni haki yako kutangulia. Wajomba wote wawili wanakusalimu. Msalimie shemeji, wabusu mapacha, na usiwasomee barua hii. Mungu akulinde katika hayo mashimo ya lifti unayoshuka kila siku, akupe usingizi, mimi wangu atanipa akipenda.

Limebaki jambo moja ambalo sikuliandika mahali pake kwa sababu mkono ulikataa.

Jioni ile nilipofika, Mama alikuwa macho. Nilimshika mkono, akaunusa wangu kama kawaida yake, akatabasamu kwa ule unga wa mpira. Kisha akaniuliza lile swali ambalo ameniuliza kila jioni kwa miaka kumi na moja, kila nikirudi kutoka zamu: "Huko juu pakoje leo?"

Nikamjibu, "Pametulia, Mama. Kama asubuhi."

Akafumba macho. Akasema, "Basi mwanangu atafika saa nne. Nitamngoja."

Na alikungoja, kaka. Ilipopigwa saa nne aliniomba nimkalishe, akaomba kitambaa chake kile cha bluu, akageuza uso mlangoni. Hakuutoa pale mpaka saa saba na dakika ishirini.

Ni mimi nikupendaye, hata kama baada ya hapa hutaweza kunipenda,

Mdogo wako, mpoteza maputo.