Chapa ya Ngamia na Damu ya Ewoi

Lodwar, Jumanne. Upepo umeamka kabla yangu, umenitilia mchanga hadi kwenye chai. Jua la saa tatu linachoma kama limetumwa. Mwili mzima hauna neno, lakini roho haijakaa sawa tangu simu ya Akai.

Akai ni binti ya dada yangu. Amesoma mpaka vitabu vikamwogopa. Sasa anaandika ombi la pesa kwa wafadhili, achunguze kwa nini pombe inashika familia fulani huku kwetu na kuziacha nyingine, kama kuna kitu watu wanarithi kwenye damu. Alitaka kuanza na sisi wenyewe. Kaka yangu Ewoi, anayekaa Kakuma, amemkatalia.

"Mjomba, amesema hakuna haja," Akai aliniambia. "Amesema wewe ulishaandika zamani. Kwani uliandika nini?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Haukuwa unakatika.

Aa, miaka ya tisini! Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilikuwa changa, Wasudani wanajenga makanisa ya udongo kwa mikono yao, na Jumapili ngoma zao zinasikika mpaka ng'ambo ya mto. Mimi nilikuwa kijana mwembamba, kofia yenye unyoya wa mbuni, natembea katikati ya barabara. Kazi yangu ilikuwa na daktari wa kizungu, mwanamke, tuliyemwita Nakiru kwa sababu alifika Lodwar siku ya mvua. Wafadhili wake walimpa gari, boksi la barafu na sharti moja: aandike koo nzima nzima, nani amezaliwa na nani, nani anakunywa na nani hanywi, na kila anayekubali atolewe damu kidogo.

Niliishia darasa la saba, lakini kutoka Todonyang hadi Nadapal, nani mwingine angeweza kugeuza Kiturkana kuwa Kiingereza mchana kutwa bila kunywa maji? Nakiru anauliza, mimi natafsiri na kujaza fomu. Watu wakaanza kuniita Daktari. Sikuwakataza.

Mnajua ile hadithi yangu ya Nakalale. Gari lilizama kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, barafu inayeyuka, nikajitwika boksi la damu kichwani nikatembea siku nzima, fisi watatu nyuma yangu. Nimeisimulia kila harusi.

Fisi alikuwa mmoja. Sawa, alikuwa mbwa.

Lakini ya fomu sijamsimulia mtu.

Nakiru alinielekeza nipange watu kwa damu. Nikaona hilo jambo dogo, kwani hata mtoto anayechunga anajua kila ukoo una chapa yake ya mifugo. Ukiona chapa kwenye shavu la ngamia umeshajua mwenyewe ni wa nani. Basi nikapanga watu kwa chapa. Na kwetu, mwanamke akishaolewa, fahali wa harusi akachinjwa, anaacha chapa ya baba yake na kushika ya mumewe. Kwa hiyo mama nikamwandika chapa ya baba. Ndugu zake wa kiume, wajomba zangu watatu, niliwaweka fomu nyingine, maboma mengine, watu wengine kabisa.

Wajomba wale walikunywa. Mungu wangu, walikunywa! Mmoja alibadilisha ndama kwa debe la busaa, akaondoka anaimba.

Siku ya Ewoi tulikuwa Kakuma. Alikuja mwenyewe, bila kuitwa, pombe ya jana bado mdomoni. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu wanatafuta mzizi wa pombe. Alipotolewa damu akakaa pale amebana pamba mkononi, na Nakiru akaipitia fomu yangu.

"Kwenu hakuna mwingine anayekunywa?"

"Hakuna," nikasema, kifua mbele. Chapa yetu ilikuwa safi.

Ewoi akanitazama. "Kumbe ni mimi peke yangu."

Akatoka na pamba yake. Mimi nikaita anayefuata.

Baada ya miezi kadhaa Nakiru akaniita Lodwar. Alikuwa ametandaza fomu zangu sakafuni. "Ekidor," akaniambia taratibu, "humu mume na mke wote ni damu moja, kila mtu ameoa dada yake." Akanieleza kuhusu mama na wajomba, kwamba damu haiachwi harusini. Akasema hata hivyo damu si hukumu, mtu anaweza kurithi njia na asiipite. Lakini wafadhili walikuwa wameshaziona zile fomu. Walisema kazi haiaminiki, wakafunga mfuko. Nakiru akaondoka na gari likaondoka naye.

Watu wakiniuliza, huwa nasema petroli iliisha.

Kwa chapa sikudanganya. Ndivyo nilivyoijua damu. Lakini tangu siku ile sakafuni nilijua kwamba Ewoi hakuwa peke yake, na barabara ya Kakuma nimepita mara ngapi? Ameacha pombe, amerudia, ameacha tena. Wazee wakimshauri hujibu vilevile: "Damu yenu ni safi, mimi ndiye niliyeharibika." Nimeketi pale pale, chapati mkononi, nikaendelea kula.

Na jambo moja nimeliona leo. Kwa hesabu ya fomu yangu, dada yangu alishika chapa ya mumewe, kwa hiyo mimi mjomba wake Akai si damu yake. Huyu mtoto mwenye masikio yangu!

Nimempigia. Nimemwambia mtandao umerudi, nikamweleza yote, hata mbwa. Alicheka kwenye mbwa. Kwenye Ewoi hakucheka.

"Mjomba, fomu mpya ninaweza kuandika mimi," akasema. "Lakini hilo la kumwambia ni lako."

Kesho asubuhi naenda Kakuma. Sitavaa kofia. Nitamsalimia "ejok", nitaketi chini kando yake, nitamtajia wajomba mmoja mmoja, na yule wa ndama nitamtaja mara mbili. Halafu jina la nne. Siku zile kwenye fomu yangu mwenyewe niliandika "hanywi", na mkono ulioshika kalamu ulikuwa unanuka busaa. Hapo chapa haikuhusika.

Sijui kama atanikaribisha. Lakini tutakuwa wawili.