Mpaka Chama Kikomae

Jumatatu, 5 Januari

Sahani za kuoteshea bakteria wa chaza wa Gazi zimeota. Nilizisoma kabla ya chai. Bakteria wachache kuliko nilivyohofia, isipokuwa za upande wa kijito kinachopita nyuma ya nyumba za watu. Hizo balaa. Nitazirudia. Stima ilipotea mara mbili, kabati la joto likapoa, nikalitukana kwa Kidigo. Bakari, mwenzangu hapa maabara, akacheka mpaka akavua miwani.

Mchana, barua pepe ya Profesa. Mapendekezo ya kurekebisha katiba ya chama. Niyatie kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa Diani wiki ijayo.

Chama chenyewe ndiyo kwanza kinatimiza mwaka mwezi huu. Chama cha kitaifa cha mikrobiolojia, wanachama kutoka Kisumu mpaka Lamu, na tulikianzisha watu watano tukiwa tumebanana ofisini mwa Profesa Nairobi. Yeye mwenyekiti wa muda. Mimi katibu wa muda. Alinifundisha tangu shahada ya kwanza hadi nikaitwa daktari. Katiba tuliyoiandika siku ile inasema waanzilishi tuongoze mwaka mmoja, kisha wanachama wapige kura.

Sasa anataka ibara mpya. Waanzilishi waendelee kuongoza "mpaka chama kikomae". Na wa kuamua kwamba kimekomaa ni waanzilishi wenyewe.

Nimeisoma mara tatu. Nimekasirika mara tatu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimempigia. Shikamoo, marahaba, watu wa nyumbani hawajambo, kazi inaendaje. Kisha nikamwambia kwamba ibara ile sikubaliani nayo. Akacheka.

"Binti yangu, mtoto haachwi avuke barabara peke yake."

Binti mwenye mvi. Akanikumbusha kwamba mimi pia ni mwanzilishi, nitabaki katibu na hapana atakayenisumbua. Alidhani ananipa zawadi.

Sitajidanganya humu. Ukatibu ninaupenda. Ninapenda kupanga ajenda, ninapenda watu wakinitafuta, hata mhuri ninaupenda. Lakini bakteria ukiwaacha sahani ile ile siku nyingi watakula chakula chote, kisha watakufa juu ya uchafu wao. Somo hilo alinifundisha yeye mwenyewe. Nashangaa amelisahau.

Ibara nimeitia kwenye ajenda, kwa sababu ndiyo kazi ya katibu. Chini yake nimeandika: kujadiliwa na kupigiwa kura. Halafu uchaguzi.

Ijumaa, 16 Januari

Wageni wamefika Diani. Joto limewashika. Kila mmoja anauliza maji baridi yako wapi.

Jioni tulikula pamoja hotelini. Nilikaa na Dkt. Mutua, mhadhiri kijana wa Nairobi, mcheshi, mbishi, nimempenda. Bakari ni khatibu wa msikiti mdogo kwao Msambweni, kwa hiyo yeye ndiye aliyesoma dua mwisho. Watu wetu wa pwani wakapangusa nyuso, wakainuka mara moja, hata waliokuwa na nyama sahanini. Mutua akashangaa. Nikamweleza: kwetu dua ikishafunga, imefunga. Baraza limekwisha. Atakayeanza maneno baada ya hapo ataonekana hakulelewa.

Profesa alikuwa amesimama karibu yetu na kikombe cha kahawa. Akasema huo ni utaratibu mzuri sana.

Jumamosi, 17 Januari

Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Asubuhi ilikwenda salama. Ripoti, maswali, chai na maandazi ya hoteli yasiyo na iliki. Baada ya chakula cha mchana Profesa akasoma marekebisho yake kwa sauti ya mshereheshaji wa harusi. Alipomaliza akasema, "Naona sote tumekubaliana."

Mutua akanyoosha mkono. "Prof, samahani, si tupige kura? Hatuwezi kaa tu tukingoja kukomaa bila deadline."

Watu wakacheka. Mwingine akaunga mkono. Mikono ikazidi kupanda. Nilikuwa nimeinamia kompyuta ninaiandika hoja, nikamsikia Profesa anasema kwa upole:

"Shehe Bakari, wakati umetutupa mkono. Tufungie kwa dua."

Bakari akainuka. Kuombwa dua hakukataliwi, hasa mbele za watu. Akainua viganja. Ukumbi mzima ukasimama.

Mimi nikabaki nimekaa. Mikono juu ya meza. Sikuinua viganja. Sikusema amin. Muuguzi wa Kwale aliyekuwa kando yangu alinitazama kama nimetema mate mezani. Dua ilipokwisha nikasimama nikapaza sauti: mkutano haujafungwa, kuna hoja haijapigiwa kura. Walionigeukia ni wabara tu. Wetu walikuwa wameshafika mlangoni, wanapeana mikono na kuagana.

Uchaguzi haukufanyika. Nusu ya ajenda haikuguswa. Na aliyemfundisha mzee yule ujanja huo ni mimi, kwa mdomo wangu, na kahawa ikiwa mkononi mwake.

Jumapili, 18 Januari

Habari ilifika Gazi kabla yangu. Daktari kakataa dua. Wengine wameongeza kwamba nilicheka.

Mama alinipokea na mbuzi ya nazi. Aliendelea kukuna, hakuinua uso. "Nilikupeleka chuo cha Kurani, nikakupeleka na chuo kikuu. Leo ninaambiwa mwanangu anamfanyia Mola kiburi."

Nikamwambia dua sikuikataa. Nilimkataa aliyeituma. Mwenyezi Mungu hatumwi kuwaziba watu midomo. Mama akaikamua nazi, akainjika mchuzi. Mchuzi ulikuwa mtamu, tulikula kimya, na kimya cha mama kinauma kuliko matusi.

Sitaomba radhi. Kwa Mola nimeshazungumza mwenyewe, Yeye anajua nilikuwa nimekaa kwa nini.

Jumatano, 21 Januari

Profesa anataka kumbukumbu za mkutano ziseme kwamba marekebisho yamepitishwa kwa kauli moja. Nimeandika hivi: "Hoja ya kupiga kura ilitolewa na kuungwa mkono. Kura haikupigwa." Nimewatumia wanachama wote.

Hazikupita dakika nyingi simu ikalia. Sauti ya harusi haikuwepo tena. Aliniuliza nimekuwa nani mpaka nimwaibishe. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekufanya uwe mtu."

Amenifundisha, hilo halina ubishi, na nitamshukuru mpaka nife. Lakini mtu nilikuwa tangu Gazi. Heshima si utumwa. Nilimwambia hivyo hivyo.

Bakari tangu Jumamosi alikuwa hanisemeshi. Anafanya kazi amenipa mgongo, anaomba vifaa kwa kuvionyesha kidole. Leo alasiri akaja na kiti, akakaa mbele yangu.

"Daktari, nimetumiwa."

"Naam, shehe."

"Nimefanywa kufuli la mlango wa mtu." Akavua miwani, akaifuta. "Lakini na wewe ulikosea. Ungelinigusa kanzu tu ukaniambia ngoja, ningelingoja. Ulikaa pale kama jiwe, ukaniacha mimi nionekane wa dini na wewe uonekane huna."

Ana haki. Ningelimgusa kanzu.

Tukafungua katiba pamoja. Theluthi ya wanachama wakitia saini, mkutano maalumu lazima uitishwe, mwenyekiti apende asipende. Bakari akatia saini ya kwanza. Ndefu, ya kujivuna, na nukta tatu mwishoni.

Jumamosi, 24 Januari

Theluthi imepatikana na kupita. Mutua alikuwa akiwapigia wa bara, Bakari wa pwani. Muuguzi wa Kwale naye ametia, baada ya Bakari kumweleza mwenyewe yaliyotokea.

Notisi imetoka leo. Wiki tatu kamili kama katiba inavyotaka, tuwahi kabla ya Ramadhani. Hoteli hatuna. Binamu yangu ametupa darasa la shule anayofundisha Kinondo.

Mmoja wa waanzilishi wenzangu amenitumia ujumbe wa kunionea huruma. Mwenye nguvu mpishe, dada. Nimemjibu: nimpishe niende wapi? Nyuma yangu ni bahari.

Ijumaa, 6 Februari

Profesa hatatia saini barua ya kunipendekeza kwa ufadhili wa utafiti mpya wa chaza. Ameniandikia mstari mmoja. Bila barua yake mwaka huu siupati.

Nililia kwenye chumba cha majokofu. Pazuri kwa kulia, jasho halichanganyiki na machozi. Halafu nikatoka nikasoma sahani zangu.

Kina mama wanaofuga chaza pale mikokoni wataniuliza. Nitawaambia kweli: nimenyimwa kwa sababu nimedai kura. Mwakani nitaomba tena, kwa jina langu. Chaza watakuwepo na mimi nitakuwepo.

Marekebisho yake akitaka ayapitishe, ayapitishe kwa kuhesabiwa. Sirudi nyuma.

Jumamosi, 14 Februari

Nimechoka lakini lazima niandike leo.

Walikuja. Akidi ilitimia mapema. Madaktari na wahadhiri wamebanwa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamegusa videvu, ukutani picha ya ng'ombe na majina ya viungo vyake. Profesa alikuja pia. Sikutarajia. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi mbele kwa sababu yeye bado ni mwenyekiti.

Akamwomba Bakari afungue kwa dua. Bakari akasema, "Ya kufungua ninaisoma sasa. Ya kufunga nitaisoma ajenda ikiisha, na wanachama ndio watakaoniambia." Watu wakaguna kwa furaha. Hata Profesa akainamisha kichwa.

Ibara ya kukomaa ikajadiliwa mpaka koo zikakauka. Tukapiga kura kwa vikaratasi ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa. Ikaanguka. Ikaanguka vibaya. Mutua akapiga dawati ngumi.

Kisha uchaguzi.

Profesa akagombea uenyekiti. Akasimama mbele ya ubao, mkono umepakaa chaki, akasema anataka kuongoza na anaomba kura zetu. Basi, hayo tu. Tangu nimjue sijapata kumsikia akiomba kitu kwa mtu. Wakampa. Wabara wakampa, na wapwani wengi wakampa, kwa sababu anajulikana wizarani na kwa sababu mvi ni mvi. Mimi sikumpa.

Ukatibu tuligombea wawili. Mimi na Mutua. Nilimtia moyo mwenyewe, nikamwambia uchaguzi wa mtu mmoja si uchaguzi.

Ameshinda.

Si kwa nyingi, lakini nyingi si lazima. Wengine wanasema mimi mgomvi. Wengine, nadhani, hawajasahau mikono ile juu ya meza. Bakari sijamuuliza na sitamuuliza, kura ni siri, ndiyo maana tuliipigania. Nilikuwa bado ninaandika kumbukumbu, kwa hiyo nikayaandika na hayo: "Dkt. Mutua amechaguliwa kuwa katibu." Mwandiko wangu umenyooka, nimeuangalia tena sasa hivi.

Inauma. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Aliyeutunga msemo huo hakushindwa na kijana aliye rika la mpwawe.

Mutua alikuja mlangoni amejikunyata. "Madam, aki pole, hata sikujua watu watanichagua." Nikamkabidhi mhuri. Nikamwambia wino hukauka haraka huku kwa sababu ya joto, na kwamba mwenyekiti akimwagiza aandike lisilotokea, asiandike. Akasema sawa. Nikamwambia aseme tena. Akasema tena.

Jumatatu, 16 Februari

Stima haikupotea leo. Sahani za kijitoni zimeota kama zilivyoota mwanzo, kwa hiyo si kosa la maabara, ni kijito. Nitawaambia wa afya ya jamii kesho.

Bakari alileta viazi karai, akaniwekea vingi kuliko kawaida. Hatukuzungumza habari za chama. Simu haikulia mchana kutwa. Nilikuwa nimezoea ilie.

Nyumbani nilikuta mama amepika wali wa nazi na kisamvu. Ameanza kupanga ya Ramadhani, tende ziko juu ya kabati. Tangu siku ile ya dua alikuwa hajauliza lolote kuhusu mambo yangu. Leo aliuliza, akiwa anapakua.

"Basi mkutano wenu, mmeshinda au mmeshindwa?"

"Chama kimeshinda, mama. Mimi nimeshindwa."

"Na yule mwalimu wako?"

"Amechaguliwa. Miaka miwili."

"Halafu?"

"Halafu itambidi atuulize tena."

Mama alifikiri, upawa ukiwa mkononi.

"Hapo si haba," akasema, akanisogezea wali.