Bwana Gundi, Ukanda Wako Bado Umeshika

Mwaka umetimia tangu ututoke, Baba, na wasomaji wajue kwamba nyumbani kwako hakuna anayekuogopa. Hasa mimi, kitindamimba wako, niliyetangaza mezani kwamba leo nitaingia chumba chako cha kazi na kuutoa ule ukanda bila hata jasho kunitoka.

Maisha yako ya kazi yote uliyatumia maabara, ukichunguza namna mpira unavyoshikana na chuma: matairi, soli, vipande vya mpira vinavyowekwa chini ya madaraja kuyabeba. Watu wakakuita Bwana Gundi, nawe ukaitika. Mgeni akivua viatu mlangoni, uliviinua, ukakunja soli, ukanusa. Mjomba alinuna mpaka ulipombandikia vyake bure.

"Shemeji," ulimwambia, "kila kilichobandikwa kitabanduka. Kazi yangu ni kujua lini."

Hukuwahi kutupigia kelele. Tukigombana ulitupatia kipande cha mpira tukivute, huku na huku, mpaka hasira zituishe.

Ulipostaafu ulibandika ukanda wa mpira kwenye bamba la chuma ukutani, ukaning'iniza jiwe la mizani chini yake. Kila mwezi ulibanduka kidogo, nawe ukaweka alama ya chaki. Ulisema hautamaliza mwaka.

Tangu tukuzike haujasogea hata unywele. Fundi mitambo wa maabara yako alikuja kuutazama. Akapima, akapima tena, akavaa kofia yake. "Huu ulipaswa kuwa sakafuni," akasema, akaondoka, chai yake ikiwa haijaguswa.

Vumbi limetanda chumba kizima, ila si juu ya lile jiwe. Na madirisha yote yamefungwa, lakini ndani kunanuka mpira wa moto, kama uliotoka mashineni sasa hivi.

Mama alikuwa hataki mtu auguse. Ila Dada anakaribia kujifungua, na chumba kinahitajika. Jana Mama akasema, "Haya, utoeni. Ukitoka huo, nitajua kweli amekwenda."

Basi mchana huu nikaingia napiga mluzi. Nikaushika. Ulikuwa na joto, Baba, joto la mkono wa mtu. Halafu ncha yake ikaanza kuachia, taratibu, yenyewe, na mluzi ukanikauka mdomoni.

"Umeshautoa?" Mama akauliza nyuma yangu.

"Ndiyo nautoa, Mama."

"Kwa kuubandika?"

Nikatazama. Vidole gumba vyangu vyote viwili vilikuwa vimeukandamiza ukutani kwa nguvu zangu zote.

Mama hakucheka. Alivuta kiti chako, akaketi.

Wanaokukumbuka ni mkeo. Binti yako na mjukuu aliye njiani. Shemeji yako wa viatu. Fundi mitambo, ingawa kwetu harudi. Na mimi, ninayemtamkia Dada maneno haya ayaandike, maana mikono yangu bado haijapata nafasi.

Kukusahau hatuwezi, Baba, kamwe.