Shukrani Nilizosoma Hewani

Mwenzangu, usinipigie, soma tu. Niko kwenye ngazi za mahakama.

Unajua ile kesi yetu na kile kituo kikubwa cha televisheni, nani mwenye haki ya kuonyesha mechi za ligi ya mkoa? Leo wakili wao kawasha rekodi. Sauti yangu. Natangaza fainali kwenye televisheni yetu, nasema, "Tunawashukuru wenye haki za matangazo haya," halafu nawataja WAO.

Nawataja wao. Kwenye kituo chetu.

Jaji akauliza nani aliandika maneno yale. Shemeji akasimama. Mume wa dada yangu, bosi wangu. Akasema, macho makavu, "Mheshimiwa, huyu mtangazaji hujitungia. Tumemwonya sana."

Hujitungia. Mimi, ninayesoma hata majina ya timu kwenye karatasi.

Ukweli ni kwamba alinakili kwa mkono shukrani za msimu uliopita, wakati haki za ligi zilikuwa zao na sisi tulionyesha kwa ruhusa yao, akaniletea mpira unakaribia kuanza. Nikamwambia hii si ya zamani? Akanijibu, "Soma kama ilivyo, usijifanye mwanasheria."

Sasa kanifuata hapa ngazini, ananibembeleza nikubali kosa, eti ni mambo ya familia. Nikamwuliza, dada anajua umenitosa?

Anadhani karatasi niliitupa. Ninayo, na mwandiko wake naujua, kama kuku kaparura.

Kesho naipeleka kwa jaji. Picha ya karatasi hiyo nimeshamtumia dada.