Jiko Nililolihamisha

Gongoni, Tabora
22 Julai 1973

Kwa dada yangu mpendwa Mwanne,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji Abbasi na mwanetu Nassibu. Sisi huku hatujambo, tunapambana na vumbi la kiangazi na baridi ya asubuhi tu. Mama anakusalimu sana. Yupo hapa pembeni yangu anachambua mlenda, na kila mara ananiuliza nimefika wapi. Nimemjibu kwamba ndiyo kwanza nasalimia.

Kama tulivyokubaliana mlipokuja Idi Kubwa, nilichukua likizo ya wiki tatu huko Ulyankulu tunakojenga, nikaja kuitengeneza nyumba ya Mama ili iuzwe, naye aje kukaa kwenu Dar es Salaam. Utakumbuka kwamba Mama mwenyewe alisema tu tufanye tunavyoona. Mnunuzi nilimpata upesi, Mwalimu Apolinaria, aliyehamishiwa hapa mjini kutoka Ipole. Nilipokwenda dukani kwa Mukesh kununua saruji, Mukesh alinishauri nisihangaike na chokaa ya sebuleni, kwa sababu mwanamke akija kutazama nyumba huipita sebule kama mtu anayevuka njia, akaenda moja kwa moja jikoni. Nikaona kasema kweli.

Sasa dada, malezi yetu unayajua. Tangu nilipotoka jandoni sijakaa jikoni kwa Mama. Mwanamume ukichungulia tu unaulizwa umepoteza nini humo. Kwa hiyo nilipoomba nikae nimtazame anavyopika, nipate kupanga jiko jipya bila yeye kujua, Mama alicheka hadi akashika ubavu. Akaniambia nikae mlangoni na nisiguse kitu.

Nilichokiona siku ile sitakisahau. Alikuwa anapika ugali na samaki, migebuka ya kuunga kwa karanga. Kutoka mtungini hadi mafigani, hatua mbili. Kutoka mafigani hadi kwenye kinu, moja. Mkono wake ulikwenda kuchukua kata ya maji, kata ikawepo. Ukaenda nyuma ya bega la kushoto kutafuta kibuyu cha chumvi, shingo haikugeuka, na kibuyu kikawepo. Mafuta aliyajua kwa mlio wake, unga kwa uzito wa kiganja. Hakuuliza hata mara moja mwiko uko wapi. Nilihesabu hatua zake zote tangu kuwasha moto hadi kupakua, zikawa thelathini na nne. Mpishi wetu wa kambini hutembea hizo kabla maji hayajapata moto! Miaka kumi na miwili ya ufundi nilijiona sijui kitu, nikabaki kusema Subhanallah peke yangu kama mwendawazimu.

Jambo moja tu lilinishangaza. Ile picha ya Nassibu uliyotuma ameitundika juu ya kinu, lakini uso wa mtoto umeelekea ukutani. Nilipomuuliza, alisema ameigeuza makusudi isiharibiwe na moshi. Nikaona ana akili.

Lakini fundi naye hasikii la muadhini. Mwalimu Apolinaria alitaka kupika amesimama, wala si kuinama juu ya mafiga. Bahati, au niseme bahati mbaya, Shangazi Kuluthumu alikuja kumchukua Mama kwenda harusini Ntalikwa kwa siku nne. Waliondoka wameshikana mikono kama wasichana, nami nikawatania hadi wakapotea kwenye kona. Hapo nikavaa kaptura ya kazi.

Niling'oa mafiga. Nikajenga jiko la matofali la kimo cha kiuno, chini ya dirisha, lenye bomba la moshi. Mtungi niliupeleka pembe ya pili, karibu na mlango wa kwenda kisimani, na katikati nikaweka meza ya saruji ya kukatia, ili moto, maji na kisu visipishane mbali. Kinu nilikitoa uani. Vibuyu nikavipanga rafuni kwa ukubwa wake. Sakafu ilikuwa imechimbika vishimo vishimo, nikaisawazisha yote kwa saruji. Mwalimu alipokuja alisimama katikati akapiga makofi, akasema Jumatatu tuandikishane. Ndipo nikakuletea ile simu ya maandishi kwamba kazi imekwisha na mnunuzi ameridhika.

Mama alirudi Jumapili alasiri. Shangazi alimfikisha mlangoni akageuka kuwahi gari. Sikumwambia Mama neno, nilitaka ashangae mwenyewe. Nikasimama nyuma yake nimekunja mikono, nangoja sifa. Alivua ndara, akaingia hatua mbili, akanyoosha mkono kuchukua kata. Mkono ukagusa ukuta. Akatabasamu kidogo, akapapasa. Akasogea upande wa mafiga, akainama taratibu kukalia kigoda chake ambacho nilikuwa nimekitoa nje, akaanguka chali kwenye saruji yangu mpya.

Nilimrukia nikamwinua. Hakulia, dada. Alinishika shati kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini nimeipeleka wapi nyumba yake.

Dada Mwanne, keti kama umesimama. Mama haoni. Ni mwaka wa pili sasa haoni kabisa, hata mwanga wa mlangoni. Alikwenda hospitali na Shangazi kimya kimya, akaambiwa mishipa ya macho imekufa na hakuna dawa. Mama ndiye aliyemwapisha Shangazi asituambie, kwa sababu alijua tukisikia tutamwondoa hapa, na alisema kipofu akiwa nyumbani kwake ni mwenye nyumba, akihamishwa ni mzigo. Hata Idi alituachia tu tufanye tunavyoona, akiogopa kwamba akikataa tutauliza sababu.

Nimelia mpaka nimeona haya. Kumbuka kila nikija hunishika uso na mikono na kusema nimekonda, nasi tunacheka kwamba ndiyo kazi ya mama. Kumbe alikuwa ananitazama.

Nilimuuliza amewezaje. Akasema jiko lile halikuwa lake, lilikuwa la bibi yetu. Zamani za misafara bibi aliwapikia wapagazi, na wapagazi walitaka kula na kushika njia kabla ya alfajiri, wala mafuta ya taa hayakuwepo ya kuchezea. Kwa hiyo bibi alipanga kila kitu mahali ambapo mkono utakikuta gizani, akamfundisha Mama hivyo hivyo tangu utoto. Mama alisema macho yalipozimika, alijua kwamba jikoni ameshazoea giza siku nyingi.

Basi nilivunja. Siku tatu nilivunja kazi ya mikono yangu kwa nyundo, Mama ameketi kwenye kigoda ananiongoza, sogeza figa upana wa kidole, rudisha kibuyu, kata iangalie mlango. Chini ya saruji nilivikuta vile vishimo vya sakafu. Dada, ni nyayo! Ni mahali miguu ya bibi na ya Mama ilipokanyaga miaka yote hiyo, kimoja mtungini, kimoja kinuni, viwili mbele ya moto. Nami nilivifukia kwa kuviona ubovu. Tulipomaliza nilifumba macho nikaweka miguu humo, nikapika chai. Sikumwaga hata tone. Mwanamume mzima, jikoni kwa mama yangu!

Mwalimu Apolinaria nilimweleza kwamba nyumba haiuzwi. Alinuna, na ana haki, ila Mama alimtengea ugali akala akaondoka salama. Kwako wewe sina udhuru. Mimi nipo mwendo wa saa chache tu kutoka hapa, nimeingia na kutoka miaka miwili, na sikuona. Kama mtu wa kuitwa kipofu yupo katika nyumba hii, ni mimi. Nimeomba kazini niwe narudi kila Jumamosi, na Shangazi amekubali kuhamia chumba cha uani. Mama amenipa ruhusa nikuandikie haya, kwa sharti kwamba usije kumchukua.

Lakini njoo. Na tafadhali dada, usitume picha nyingine. Ile hakuigeuza kwa ajili ya moshi, aliitundika tu, asijue uso uko upande gani. Mlete Nassibu mwenyewe. Idi ile alimshika kichwa kwa viganja viwili, na kipimo hicho anacho hadi leo. Anasema sasa kitakuwa kimezidi kwa upana wa kidole kimoja.

Mama amemaliza mlenda wake na anasema wino usiishe bila salamu kwa shemeji Abbasi. Mfikishie, na majirani wote wanaotukumbuka. Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Mabruki